Kamera Ndogo na Ila Zake

Mtu anapoingia dukani kununua kamera ndogo, ile ya kutia mfukoni au katika mkoba, aghalabu maswali anayomwuliza muuzaji huwa mawili tu, ama matatu akiwa ni mjuzi: ina megapikseli ngapi, inavuta mbali kiasi gani, na bei yake ya mwisho ni ipi. Muuzaji naye, ambaye maswali hayo amekwisha kuyasikia tangu asubuhi, humsomea tarakimu zilizoandikwa juu ya boksi, mnunuzi akaridhika, fedha zikahesabiwa, na kamera ikaenda zake nyumbani. Na baada ya mwezi ukiiulizia utaambiwa kwamba iko kabatini, betri yake imekwisha, na picha za arusi ya binti zilipigwa kwa simu. Katika muda huo wote hapana hata mmoja aliyeuliza jambo ambalo kwa rai yangu ndilo la kuulizwa kwanza, nalo ni jinsi kamera ile inavyokaa mkononi, vitufe vyake viko mahali gani, huamka upesi ama kwa uvivu, na ikizimwa hukumbuka nini na husahau nini. Tarakimu za boksi ni za kweli, sizikanushi. Lakini aliyeziandika hakuwa amesimama juani, mtoto begani, akitaka kuiwahi mashua kabla haijapita.

Huenda baadhi yenu mkashangaa kwa nini nizungumze habari ya kamera ndogo katika zama hizi ambazo kila mtu ana simu yenye kamera, na mshangao huo ni wa haki. Chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, kiitwacho CIPA, huhesabu kamera zinazotoka viwandani mwa wanachama wake. Mwaka 2010 kamera za dijitali zilizotoka zilizidi milioni 120, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa ni kamera ndogo. Mwaka 2023 kamera ndogo hazikufika hata milioni 2. Simu ziliimeza biashara ile, wala siioni kuwa ni dhuluma, kwa kuwa nyingi katika kamera zilizokufa zilistahili kufa. Zilizobaki ni za namna mbili: mpya za bei kubwa, zenye lenzi nzuri na kihisi mwanga kipana kuliko cha simu, na kuukuu za miaka kumi au ishirini iliyopita, ambazo vijana wamezifufua kwa kupendezwa na rangi za picha zake. Anayenunua ya kwanza hutoa fedha nyingi, na anayenunua ya pili hununua kitu kisicho na dhamana yoyote. Wote wawili wana haja ya kuzijua ila za kamera kabla ya kupeana mkono na muuzaji.

Nasema ila, kwa maana hapana kamera ndogo isiyokuwa nazo. Kuweka lenzi, betri, kioo, flashi na vitufe kumi na kitu ndani ya chombo kinachoenea kiganjani ni kazi ambayo lazima kitu kimoja kimsonge mwenziwe, na kila kampuni imeamua kwa shauri lake ni kipi kisongwe. Kwa hiyo mnunuzi asihangaike kutafuta kamera isiyo na ila, bali aipime ila yenyewe ni ya tabia gani. Iko ila sabiti, ambayo ipo leo na kesho na mtondo kwa namna ile ile, na mkono wa mwanadamu, ambao kwa mambo kama haya hufundishika upesi kuliko kichwa chake, utaizoea hata usiione tena. Na iko ila geugeu, ambayo leo ipo na kesho haipo, hukujia wakati usioutazamia, na hiyo hapana mkono utakaojifunza. Ya kwanza, hata ikiwa kubwa, yastahimilika. Ya pili, hata ikiwa ndogo, ndiyo inayoifanya kamera iachwe nyumbani.

Mfano wa ila sabiti ninaoupenda kuliko mingine yote ni wa kamera ya Kijerumani iitwayo Rollei 35, aliyoibuni mhandisi Heinz Waaske, ikaonyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika maonyesho ya Photokina mjini Cologne mwaka 1966. Kamera hii hutumia filamu ya kawaida ya milimita 35, ilhali yenyewe imeizidi kidogo tu pakiti ya sigara. Na ili kuupata udogo huo Waaske alikiweka karibu kila kitu mahali ambapo mpiga picha wa siku zile asingekitafuta. Mkono wa kusogezea filamu, ambao katika kamera nyingi huwa kulia, yeye aliuweka kushoto. Mahali pa kupachikia flashi pako chini ya tumbo la kamera, hata mtu anayepiga picha usiku huigeuza kamera kichwa chini ili mwanga utoke juu kama inavyopasa. Lenzi huvutwa nje kwa vidole na kuzungushwa mpaka ishike, na kuirudisha ndani haikubali isipokuwa kwanza umeisogeza filamu na kamera iko tayari kwa picha inayofuata, kisha ukabonyeza kijitufe kilicho kwa juu. Mtu asiyelijua sharti hili, akaisukuma kwa nguvu, huenda akaiharibu. Fauka ya hayo haina chochote cha kumwonyesha mwenyewe kama amelenga sawa: unamtazama mtu, unakadiria kwamba yuko mita mbili, unazungusha lenzi hata alama ya mbili, unapiga, na yaliyobaki unamwachia Mungu na fundi wa kusafisha filamu.

Ukimsomea mtu orodha hiyo atakuuliza ni nani aliyeinunua. Waliinunua watu wengi, na mpaka hivi leo wako wanaoitafuta kwa bei isiyo ndogo, kwani taabu zake zote hizo ni zile zile kila siku. Magurudumu yake mawili ya mbele, moja la kasi na moja la tundu la lenzi, yamekaa kulia na kushoto kwa lenzi yenyewe na hubaki pale ulipoyaacha. Sindano ya kupimia mwanga iko juu ya kamera, wala si ndani ya tundu la kuchungulia, kwa hiyo waweza kuitengeneza kamera ikiwa bado iko usawa wa kiuno, ukaiinua kwa kupiga tu. Mtu aliyeitumia mwaka mmoja huitoa mfukoni, huvuta lenzi, huzungusha, hukadiria na kupiga bighairi ya kufikiri hata kidogo, na ukimwuliza ubaya wa kamera yake itambidi anyamaze kwanza akumbuke.

Kamera iliyokuja baadaye na kupendwa na watu wengi zaidi ni Olympus mju II ya miaka ya 1990. Kifuniko chake ni cha kusukuma upande, mtindo ulioletwa na bwana Yoshihisa Maitani katika Olympus XA ya mwaka 1979: ukikifungua kamera imewaka, ukikifunga imezimika, wala huhitaji mfuko wa kuihifadhi. Ni ubunifu ambao mimi sijaona mwingine wa kuushinda. Lakini mju II ina usahaulifu wake. Uliiambia isitumie flashi, ikatii. Ukifunga kifuniko na kukifungua tena, amri ile imefutika, na kamera imerudia shauri lake la kuamua yenyewe. Basi wakati wa magharibi, mwanga wa jua ukiwa bado umelala juu ya kuta, ukataka kuupata jinsi ulivyo, flashi inamulika ghafla, watu wote wanageuka, na ule mwanga uliokuwa ukiutaka haumo katika picha. Mtu aweza kubisha akasema kwamba hiyo nayo ni ila sabiti, kwa kuwa kamera husahau kila mara bila kukosa, na kweli wako waliojizoeza kufungua na kubonyeza kitufe cha flashi kwa mwendo mmoja. Nami nakubali, ila kwa kiasi, kwani kubonyeza huko ni mara kadhaa mpaka ufike kwenye alama unayoitaka, na mwenye haraka hahesabu sawasawa.

Geugeu hasa ni ile ya Canon PowerShot S90, iliyotoka mwaka 2009. Ilikuwa kamera nzuri, yenye pete kuizunguka lenzi ambayo mtu aliweza kuipa kazi aitakayo, na wengi waliisifu kwa hilo. Lakini nyuma yake, chini ya kidole gumba, palikuwa na gurudumu jepesi lisilo na vituo, linalozunguka kwa kuguswa tu. Unaitoa kamera mfukoni, kidole kimepita juu ya gurudumu, na kipimo ulichokiweka kwa uangalifu kimekwisha hama pasipo wewe kujua. Leo kimehama, kesho hakikuhama; mkono utajifunza nini hapo? Wanunuzi walilalamika, na mwaka uliofuata Canon ikatoa S95, ambayo kwa sura ni ndugu yake kabisa, lakini gurudumu lake la nyuma lina vituo ambavyo kidole huvihisi, na husogea pale tu unapotaka lisogee. Mwenye kuzikuta mbili hizi pamoja katika duka la vitu vilivyokwisha tumika, kwa bei zinazokaribiana, ajue tofauti yake ni hiyo.

Baada ya mambo ya mkono liko jambo la wakati. Alasiri pale Forodhani, mjini Unguja, vijana hujirusha baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, wakija mbio na kupinduka hewani kabla ya kufika majini, na watu hukusanyika kuwatazama na kuwapiga picha. Simama pale na kamera ndogo ya bei rahisi, ya miaka ya 2000. Kijana anakimbia, ameruka, amepinduka, miguu juu na mikono imekunjuka, nawe unabonyeza kitufe. Kamera ndiyo kwanza inaanza kazi: lenzi inasogea mbele, inarudi nyuma, inasogea tena kidogo ikitafuta pa kulenga, ndipo inapopiga, na picha unayoipata ni ya povu jeupe na nyayo mbili, nazo nyayo ni kwa bahati. Dawa ya zamani ya maradhi haya ni kukibonyeza kitufe nusu, ukilenga ukingo wa ukuta kabla kijana hajaufikia, ukakishikilia hapo, kisha ukakimaliza wakati amepinduka, kwa kuwa kulenga kumekwisha fanywa na kilichobaki ni kupiga tu. Lakini dawa hiyo inategemea kitufe chenyewe, na vitufe hutofautiana kwa kadiri isiyoandikwa juu ya boksi lolote: viko ambavyo nusu yake kidole huisikia dhahiri, kwa kikomo kidogo kinachokizuia kisiendelee, na viko laini visivyo na mpaka baina ya nusu na kamili, hata ukidhani bado unangoja, kumbe umekwisha piga.

Kampuni ya Ricoh ililiendea jambo hili kwa njia yake. Katika kamera zake ziitwazo GR, ile ya mwaka 2013 na GR III ya mwaka 2019, mwenyewe huweka umbali mapema, tuseme mita mbili na nusu, na kitufe kikibonyezwa moja kwa moja hadi mwisho kamera haitafuti kitu, bali huuendea umbali ule na kupiga papo hapo. Ni maarifa yale yale ya Rollei ya kukadiria kwa macho, yaliyowekwa ndani ya chombo cha kisasa. Tena vitufe vyake vingi vimepangwa upande wa kulia, hata mtu aliyeshika mwavuli au mkono wa mtoto aweza kuitumia kwa mkono mmoja. Sitaki kuwaghuri kwa sifa hizi: GR III haivuti mbali, maana lenzi yake ni ya namna moja isiyobadilika, flashi iliyokuwamo katika ile iliyoitangulia imeondolewa, wenye nayo hulalamikia vumbi linaloingia ndani likaonekana katika picha, na betri yake, kwa kipimo cha CIPA, ni ya picha 200 hivi. Kwa kupiga picha mitaani mchana ningeichukua mbele ya nyingine zote. Kwa kupiga picha za ngoma ya arusi usiku nisingeigusa.

Tukija kwenye jua, hapa ndipo sisi wa pwani tunapopaswa kuwa wakali zaidi kuliko wale wanaoziandikia kamera hizi sifa wakiwa Ulaya, ambako miezi mingi mwanga ni hafifu. Saa saba mchana, ufukweni, kioo cha nyuma cha kamera nyingi hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia: utaona uso wako, kofia yako na mawingu yaliyo nyuma yako, lakini chombo cha baharini unachotaka kukipiga hukioni. Zamani kila kamera ndogo ilikuwa na tundu la kuchungulia, na ingawa tundu lile lilikuwa na uongo wake, kwani liliona kutoka mahali pengine palipokuwa si pa lenzi, hata mtu aliye karibu akakatwa kichwa, jua halikulidhuru. Kamera za dijitali ziliposhindania wembamba, tundu ndilo lililotolewa kafara. Sony RX100, iliyotoka mwaka 2012 na kusifiwa kila mahali kwa kihisi mwanga chake kikubwa ndani ya mwili mdogo, haikuwa nalo kabisa. Ya tatu katika ukoo huo, ya mwaka 2014, ikaletwa na tundu la kuchomoza, ambalo hujificha ndani ya mwili na huruka juu likifunguliwa. Shida yake ni kwamba likisharuka halijawa tayari, ni lazima ulivute nyuma kwa ukucha ndipo uone sawasawa, na ukilirudisha ndani, kamera huzimika kana kwamba umesema kazi imekwisha, na ilhali wewe ulitaka tu kuangalia kwenye kioo. Iliwachukua Sony miaka minne, mpaka RX100 ya sita ya mwaka 2018, kulifanya tundu hilo liwe tayari kwa mwendo mmoja.

Anayevaa miwani na alijaribu tundu akiwa na miwani yake usoni, si kwa kuivua, kwani hataivua kila mara akiwa safarini. Na anayevaa miwani ya jua ya zile zinazokata mng'aro ageuze kamera wima na kulala huku akitazama kioo, maana kuna vioo ambavyo kwa miwani hiyo huwa vyeusi tii upande mmoja.

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye jambo moja ambalo halina budi kumkuta kila mwenye kupiga picha katika miji yetu. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera, kiwe cha bei ndogo au cha bei kubwa, kimetengenezwa juu ya dhana kwamba mandhari ya mbele yake, yakijumlishwa pamoja, weupe wake na weusi wake, yatakuwa ya kijivu cha wastani. Dhana hiyo hufaa mahali pengi, lakini si kila mahali, na mfano wake ni huu. Mwanamke mwenye buibui jeusi amesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, katika uchochoro wa Mji Mkongwe au wa Lamu, saa nne asubuhi. Ukipiga kutoka mbali, ukuta mweupe ukaijaza picha, kamera hudhani kwamba mwanga umezidi, huupunguza, na uso wa yule mama unakuwa giza usitambulikane ni nani. Ukisogea karibu mpaka buibui likaijaza picha, kamera hudhani kinyume chake, huongeza mwanga, buibui likawa la kijivu na uso ukapauka. Mtu ni yule yule, ukuta ni ule ule, na baina ya picha mbili hizo hazikupita dakika mbili. Siku ya Idi ndiyo balaa kamili, wanaume kumi katika kanzu nyeupe na kofia nyeupe wamepangwa mbele ya msikiti mweupe, na nyuso zao kumi zikatoka kama vivuli. Fundi wa studio za zamani, mathalan ile Capital Art Studio iliyofunguliwa mjini Unguja mwaka 1930, hakuwa na mashaka haya, kwa sababu taa zilikuwa zake, pazia lilikuwa lake, na kama uso ulikuwa giza alisogeza taa. Mwenye kamera ndogo hana cha kusogeza isipokuwa kipimo.

Na kila kamera inayostahili kununuliwa ina njia ya kukisogeza, iliyotiwa alama ya kujumlisha na kutoa: kwa kanzu nyingi na kuta nyeupe unaongeza hatua moja, kwa mabuibui mengi unapunguza, na kazi imekwisha. Swali la mnunuzi liwe njia hiyo iko wapi. Kuna kamera ambazo alama hiyo ina gurudumu lake mahsusi juu ya bega, kama zilivyo Fujifilm X100 na wadogo zake tangu ya kwanza iliyoingia madukani mwaka 2011 hadi X100VI ya mwaka 2024, na mwenyewe huona kipimo hata kamera ikiwa imezimwa. Kuna ambazo unabonyeza mara moja nyuma, kisha unazungusha. Na kuna ambazo lazima uingie kwenye menyu, ushuke, uchague, uthibitishe, utoke, na kwa wakati huo wanaume kumi wa Idi wamekwisha tawanyika kwenda kula pilau. Hata hilo gurudumu la bega, nililolisifu, lina masharti yake: liwe gumu kidogo. Likiwa jepesi litazungushwa na kitambaa cha mkoba, na hapo tumerudi kwenye ile ila geugeu, tena mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa picha zote za asubuhi zitakuwa nyeupe au nyeusi kwa kiasi ambacho hukukitaka.

Yako mengine ambayo nitayapita upesi. Ukishika kamera kwa mikono miwili kama ilivyo desturi, tazama kidole cha kushoto kimefunika flashi ama la, maana flashi nyingi zimewekwa kwenye pembe ile ile. Tazama kitufe cha kuwashia kisikae bega kwa bega na cha kupigia, wala kitufe cha video kisikae chini ya gumba, usije ukarudi nyumbani na video ndefu ya nyayo zako. Mwili laini usio na pa kushikia, kama wa ile RX100, huteleza kwa jasho; Sony wenyewe waliuza kipande cha kubandika mbele ili kuiponya. Mashoto wasitazamie huruma, kwani kitufe cha kupigia ni cha kulia karibu katika zote. Kwa habari ya betri, hesabu ya CIPA hupatikana kwa kupiga picha moja kila nusu dakika, moja kwa mbili ikiwa na flashi, kwa hiyo asiyetumia flashi na asiyekaa akizitazama picha zake kiooni kila mara aghalabu atapata zaidi ya ilivyoandikwa, na mwenye kupiga video atapata kidogo sana. Nyingi siku hizi huchajiwa zikiwa na betri yake ndani, kwa waya, bila chaja ya kando. Maana yake ni kwamba wakati betri inachajiwa, kamera yenyewe imefungwa ukutani, na betri ya akiba uliyoinunua haina pa kujazwa. Na mlango wa betri na kadi, ulioko chini, mara nyingi umekaa jirani sana na tundu la stendi, hata kubadili kadi kukataka kuifungua kamera kutoka kwenye stendi.

Mchanga na chumvi ni maadui ambao mnunuzi wa pwani hana ruhusa ya kuwasahau. Lenzi ya kamera ndogo nyingi hutoka ndani kama mitungi iliyopangwa mmoja ndani ya mwingine, na baina ya mtungi na mtungi pana upenyo. Upepo wa kusi ukivuma juu ya machuguu ya mchanga ya Shela, huko Lamu, punje moja ikiingia katika upenyo huo, lenzi hukwama nusu njia, kioo huandika kwamba kuna hitilafu, na fundi atakuambia kwamba gharama ya kuifungua inakaribia bei ya kuinunua. Ndiyo maana wavuvi na wazamiaji hupendelea kamera za ukoo wa Olympus Tough, kama TG-6 ya mwaka 2019, ambayo lenzi yake imejikunja ndani ya mwili na haitoki kabisa, nayo hustahimili kuzamishwa hadi mita 15. Picha zake za magharibi si nzuri kama za zile nyingine, kwa kuwa kihisi mwanga chake ni kidogo, lakini inarudi nyumbani nzima. Milango yake ina kufuli mbili, na unywele mmoja ukikaa katika mpira wa mlango maji yataingia, kwa hiyo hata huyo mwenye nguvu anataka kusafishwa kabla ya kuoga. Unyevu nao ni adui wa polepole: lenzi ikifungiwa kabatini wakati wa masika huota kuvu, nyuzi nyeupe nyembamba zinazoonekana ukiitazama lenzi kwa kuielekeza kwenye taa. Anayenunua kuukuu na aielekeze kwenye taa mbele ya muuzaji.

Na huko dukani usione haya. Omba kamera yenye betri iliyojaa, si ganda tupu lililofungwa kwa mnyororo. Itie mfukoni, zungumza habari nyingine na muuzaji, itoe ghafla upige picha ya pikipiki inayopita barabarani, kisha irudishe. Fanya hivyo tena na tena, na kila ukiitoa tazama kama mambo uliyoyaweka yako pale pale au yamehama. Toka nayo juani mpaka mlangoni, ikiwa muuzaji ataogopa mwambie afuatane nawe. Ifungue na kuifunga lenzi ukiwa umeisogeza karibu na sikio: mlio wa kukwaruza si wa kawaida, hata akuambie ni wa kawaida.

Ikiwa ni kamera iliyokwisha tumika, tena imetoka Japani, fungua menyu uutafute ukurasa wa lugha kabla hamjaanza kupatana bei. Kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi hiyo zina Kijapani peke yake, na hapana amri ya kawaida ya kubadili. Muuzaji atasema kwamba alama zinajulisha kila kitu, na kwa alama kubwa za kioo hasemi uongo; lakini siku utakapotaka kuifuta kadi, au kurekebisha saa baada ya betri kukaa tupu miezi kadhaa, utakuwa mbele ya mistari ya maandishi usiyoyasoma, na mmoja katika mistari hiyo ndio wa kufuta picha zote. Kwa kamera ya namna hiyo mimi nisingetoa zaidi ya nusu ya anachokitaka.